Loopbaki kwenye swichi: anwani isiyotegemea kebo

Swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha kompyuta kwa kebo, haihitaji anwani ya IP ili ifanye kazi yake ya msingi. Inapokea fremu, yaani kifurushi cha data, kwenye poti moja, inatazama anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya mpokeaji, inaitolea poti nyingine, basi. IP tunaiwekea kwa faida yetu sisi tunaoisimamia, tuingie kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, tukiwa tumekaa, badala ya kubeba laptopu na kebo ya konsoli hadi kwenye kabati.

Kwenye swichi ya tabaka la pili, ile inayotazama MAC tu, anwani hiyo huwekwa kwenye intafesi ya VLAN, yaani ya kundi la poti lililotengwa kama mtandao wake. Poti zote za VLAN hiyo zikizimika, nayo inazimika. Swichi ya tabaka la tatu, ile inayofanya pia kazi ya ruta, inakuruhusu kuipa poti yenyewe IP. Kwa Cisco unaanza na amri ya no switchport. Hapo napo, kebo ikichomoka, anwani imekwenda na maji.

Niliwahi kukesha kwa sababu hiyo. Swichi ilikuwa na njia mbili, moja ikakatika, trafiki ikahamia ya pili na watumiaji hawakuhisi kitu. Lakini mfumo wetu wa ufuatiliaji ulikuwa ukiipigia pingi, yaani kuiuliza kama iko hai, kwa IP ya njia iliyokatika, ukatangaza kwamba swichi imekufa. Kumbe nzima kabisa. Ni mlango tuliozoea kuubisha ndio uliofungwa.

Loopbaki ingetuepusha na mkesha huo. Ni intafesi ya ndani ya programu tu, haina tundu wala taa, na inabaki hewani muda wote swichi inapofanya kazi, labda uizime mwenyewe kwa amri. Ukiwa ndani ya configure terminal, hali ya kubadilisha mipangilio, unaandika hivi:

interface Loopback0
ip address 10.255.0.7 255.255.255.255

Maski hiyo, yaani /32, huwashangaza wanaoanza. Maana yake ni mtandao wa anwani moja tu: upande wa pili hakuna jirani, sasa anwani za ziada za nini? Ukipiga show ip interface brief utaikuta Loopback0 imeandikwa up mara mbili, hata kama hujachomeka kebo yoyote.

Up hiyo isikudanganye. Vifaa vingine visipojua njia ya kufika 10.255.0.7, ni sawa na kuwa na namba ya simu ambayo hujampa mtu. Itangaze kwa OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuambizana njia, au weka njia tuli, ile unayoiandika mwenyewe. OSPF yenyewe inaipenda loopbaki: usipoandika router-id (kitambulisho cha kifaa ndani ya OSPF) kwa mkono, kwenye Cisco inachukua IP kubwa zaidi kati ya loopbaki zilizo hewani, na poti za kawaida hutazamwa pale tu loopbaki isipokuwepo.

Wengine huichanganya na 127.0.0.1. Ile ni ya kifaa kujisemesha chenyewe, haitakiwi kuonekana kwenye waya. Hii ya swichi unaiweka makusudi ili ifikiwe kutoka mbali.

Ukimaliza, hifadhi mipangilio kwa copy running-config startup-config. Umeme ukikatika kabla ya hapo, swichi itawaka tena bila hiyo loopbaki, nawe utarudi kabatini na kebo yako ya konsoli.