Puzzle si Mpinga Kristo

Wiki hii nimesahihisha insha nyingine inayomwita punda Puzzle "Mpinga Kristo wa Narnia". Nafundisha fasihi ya watoto kwa walimu watarajiwa, na dai hili limenichosha. Katika vitabu vyote 7 vya C. S. Lewis kuhusu Narnia, nchi ya kubuni ya wanyama wasemao, sioni mhusika mdogo anayeonewa kama huyu.

Kisa chenyewe nakipitia mbio. Kitabu ni The Last Battle, cha mwisho katika mfululizo, kilitoka mwaka 1956. Sokwe Shift anaona ngozi ya simba majini, anamfanya Puzzle aingie kuitoa, anaishona iwe vazi na kumvika. Kisha anawatangazia wanyama kwamba Aslan, simba aliyeiumba Narnia na anayesimama badala ya Kristo kisani, amerudi. Kwa jina hilo miti inakatwa, na wanyama wasemao wanafanyishwa kazi za kitumwa.

Sasa rudini kwenye sura ya kwanza, msome polepole, maana hapo ndipo wengi wanaruka. Puzzle haogopi tu maji ya baridi. Ngozi ikishatolewa, anataka izikwe kwa heshima, kwa sababu simba yeyote, hata asiyesema, anamkumbusha Aslan. Akiambiwa aivae, anasema si adabu punda kutembea amevaa hivyo. Ngurumo ikipiga na ardhi ikatikisika mpaka wote wawili wakaanguka, anasema papo hapo: hili ni onyo, nivue ngozi hii. Mara tatu amesema neno la haki. Mnayemwita mjinga ndiye pekee aliyeielewa ishara.

Kilichomshinda ni nini, basi? Shift hana hoja hata moja ya maana. Ana kifua dhaifu, eti. Ataingia majini mwenyewe, na akifa Puzzle atajuta. Na juu ya yote ana ile sentensi anayoirudia kila mara: wewe Puzzle kufikiri hukuwezi, niachie mimi. Ngurumo ile ile anaigeuza kuwa ishara ya kibali, na Puzzle anakubali, kwa kuwa amezoea kukubali. Nimewaona watoto darasani wakiambiwa sentensi hiyo hiyo na watu wazima, na nimewaona wakinyamaza wakati jibu walilokuwa nalo lilikuwa sahihi. Ndiyo maana siwezi kuipita kimya insha inayomfanya Puzzle kuwa shetani wa kisa. Mtafuteni mpinga wenu kwa sokwe aliyeshika sindano.

Wengine hukimbilia ngano ya Aesop ya punda aliyevaa ngozi ya simba, wakadhani wamemaliza. Yule alijivika mwenyewe ili atishe watu, akaumbuliwa na sauti yake. Puzzle amevikwa, anafungiwa bandani, anatolewa usiku aonekane kwa mbali kwenye mwanga wa moto, na amekatazwa kusema. Angesema, uongo wote ungeisha usiku huo huo.

Mimi huwapeleka wanafunzi wangu karibu zaidi na nyumbani, kwa punda wa dobi, kisa ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikichapa mwaka 1870 kutoka masimulizi ya Unguja. Sungura anamdanganya punda aende kwa simba mgonjwa, punda anaponea chupuchupu, kisha anadanganywa tena na kurudi. Safari hii analiwa. Simba akiuliza moyo na masikio viko wapi, sungura, aliyekwisha kuvila, anajibu kwamba punda yule hakuwa navyo. Angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Hukumu ya ngano ni kali, nami naikubali kwa punda wa dobi. Kwa Puzzle inanipa shida. Moyo anao, masikio anayo, na bado alirudi.

Hapo ndipo msimamo wangu unapoyumba, na sitaki kuuficha. Tirian, mfalme wa Narnia, anapomwona Puzzle anachomoa upanga amkate kichwa, na Jill, msichana aliyetoka ulimwengu wetu, anamzuia: huyu ni punda tu, hakujua. Lakini alijua! Tumemsikia akisema. Baadaye mwenyewe anakiri kwamba amekuwa punda mbaya sana. Eustace, mvulana aliyekuja na Jill, anamjibu kwamba lau angetumia muda mchache kusema hana akili na mwingi zaidi kujaribu kuwa nayo... Jill anamkatiza, amwache maskini. Nimesoma ukurasa huo miaka mingi, na kila mwaka nahama upande. Mwaka huu niko na Eustace.

Na madhara hayakuishia kwake. Tirian anapopanga kumwonyesha Puzzle hadharani ili kila mtu auone udanganyifu, Shift anamtangulia. Anatangaza mwenyewe kwamba yuko punda mwovu anayezunguka amevaa ngozi ya simba. Ni kweli kabisa, na kwa ukweli huo mdogo uongo wake unapata nguvu mpya.

Mwishoni kabisa, katika nchi ya Aslan, Puzzle anajificha nyuma ya wenzake. Aslan anamwita wa kwanza, kabla ya wafalme na malkia. Anamnong'oneza jambo, na masikio marefu yanalegea. Anamnong'oneza jambo lingine, na masikio yanasimama tena. Maneno yenyewe hatuambiwi, si ya kwanza wala ya pili.