Baridi au moto? Bia nyeusi yenye nazi na chokoleti, nilivyoionja hapa Kigoma

Ukikaa baa yoyote hapa Mwanga, hujaweka hata simu mezani dada anakuuliza "baridi au moto?", na watu wanalichukulia swali la kawaida tu. Kwangu mimi niliyekaa chumba cha kuonja bia kiwandani miaka tisa hilo ndo swali kubwa kuliko yote, maana kwa hii bia ya leo jibu lake linaamua kama utaipata ladha au utakunywa maji meusi yenye gesi. Moto namaanisha ile ya kwenye kreti, haijaona friji.

Nilizipataje? Shemeji yangu anapeleka wageni Gombe kwa boti, mgeni mmoja wakati anaondoka akamwachia makopo mawili, na shemeji bia nyeusi hanywi, anasema inamkumbusha dawa ya kikohozi, akaniletea. Moja ni Coconut Hiwa Porter (zamani ikiitwa CoCoNut PorteR) ya Maui Brewing, kiwanda cha kule Hawaii, kilevi asilimia 6. Ya pili ni ya kiwanda kingine, jina naliacha kwa sababu nitaisema vibaya na kopo moja lililosafiri kwenye begi halitoshi kumhukumu mtu.

Kwanza tuelewane kwenye chokoleti. Watu wengi wakisikia bia ina ladha ya chokoleti wanawaza mtu kaponda chokoleti za dukani kamwagia kwenye pipa. Mara nyingi sio hivyo kabisa. Bia inatengenezwa na kimea cha shayiri, na kimea mnakijua, ni kilekile mama anachofanya na ulezi wa uji wa mtoto, unaloweka, inachipua, unaanika. Tofauti ni kwamba kwa bia nyeusi sehemu ya hicho kimea inakaangwa kwenye pipa la chuma linalozunguka, kama kahawa, mpaka inakuwa nyeusi. Mwaka 1817 Mwingereza anaitwa Daniel Wheeler alipata hataza ya mashine ya kukaanga hivyo, na tangu hapo wapika bia hawakuhitaji tena kimea kingi cha kahawia kupata rangi, unaweka cheusi kidogo tu, hata sehemu moja kati ya kumi haifiki, na pipa zima linageuka usiku. Kuna daraja moja la kimea hicho wenyewe wanaliita cha chokoleti na ndani yake hakuna hata punje ya kakao, jina limetokana na rangi. Ile Black Chocolate Stout ya Brooklyn ya New York, inayopikwa tangu 1994, haina chokoleti ndani, ni kimea tupu.

Sasa kwa nini inanukia chokoleti? Kwa sababu mbegu ya kakao nayo hainukii chokoleti mpaka ikaangwe. Moto ukikutana na sukari na protini kwenye punje unazaa harufu za familia moja, ndo maana ukoko wa wali, karanga za kwenye sufuria ya mchanga, kahawa na mkate ulioungua kidogo vyote vina undugu ukivinusa umefumba macho. Jaribu, sio maneno tu.

Wapo wanaotia kakao kweli, kwa kawaida mbegu zilizokaangwa na kuvunjwavunjwa, kama za kule Kyela, zinalowekwa kwenye bia ikishachachuka. Zinaleta harufu na uchungu, sukari hazina. Mtu anayetegemea utamu wa chokoleti ya mtoto atashangaa.

Nazi ndo yenye mambo.

Hapa Kigoma tuko mbali na nazi, zinakuja kutoka Pwani, lakini ladha zake kila mtu anazijua na mimi nazigawa tatu. Kuna tui, ile laini ya kwenye wali. Kuna mbata na kashata, nazi iliyopitiwa na moto mpaka ikawa ya kahawia. Halafu kuna mafuta ya nazi ya kichwani. Bia nzuri ya nazi inatakiwa ikae kwenye kashata. Wapikaji wazuri wanachukua nazi iliyokunwa na kukaushwa, isiyo na sukari, wanaikaanga taratibu mpaka jikoni pote pananukia, halafu wanailoweka kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, kwa sababu wakiitia mapema gesi ya kuchachuka inatoka na harufu yote hewani. Kilevi chenyewe kinasaidia kuivuta harufu kutoka kwenye nazi.

Tatizo ni mafuta. Nazi imejaa mafuta na mafuta ni adui wa povu. Hili nawaonyesha watu wa hapa bila shida yoyote: jirani yangu mezani alikuwa anakula dagaa waliokaangwa kwa mawese, kwa mkono, akanyanyua glasi yake ya bia ya kawaida yenye povu vidole viwili, akapiga funda, na pale mdomo wake ulipogusa povu likafunguka kama tundu, likaenea, kabla hajameza la pili juu pamebaki duara jembamba pembeni ya glasi. Mafuta kidogo tu ya mdomoni yamefanya hivyo. Fikiria sasa pipa lililolowekwa nazi kilo kadhaa. Kinachosaidia ni ubaridi: mafuta ya nazi yanaganda chini kidogo ya nyuzi 25, wenzangu mnaokamua mise, zile kokwa za mchikichi, mnajua mafuta yake nayo yanavyoganda asubuhi ya baridi, basi pipa likipozwa sana mafuta yanaganda yanaelea juu na bia inatolewa kwa chini. Hata hivyo usitegemee povu la bia ya nazi likae mpaka mwisho, na kama glasi yako imetoka kuoshwa pamoja na sahani za mboga usilalamikie kiwanda.

Haya, tuonje. Makopo yalilala friji usiku kucha, nikapima kwa kipimajoto cha jikoni, nyuzi 4. Ile ya Maui nikamimina nusu kopo mara moja, nusu nyingine nikaiacha mezani kwenye glasi ya pili nimeifunika kisosi, hapa kwetu saa kumi jioni haichukui muda kupanda.

Ya baridi: nyeusi, lakini nikiiwekea tochi ya simu nyuma kingo zinaonyesha wekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Povu rangi ya chai ya maziwa. Harufu karibu hakuna, kuungua kidogo basi. Mdomoni gesi inatangulia, uchungu unafuata, inaisha. Ungenipa hiyo tu ningesema bia nyeusi safi na nazi wameiandika kwenye kopo kwa mapambo.

Nikasubiri kama dakika ishirini na tano, kipimajoto kikafika 12. Nikaondoa kisosi na aisee, hata sijainama, kashata! Ile ya chini ya sufuria iliyoanza kushika, sio tui wala manukato. Nyuma yake kahawa, na ukiizungusha glasi ukairudia ndo unapata chokoleti, ya unga wa kakao mkavu ule unaokurukia puani ukifungua kopo. Funda la kwanza nikalishika mdomoni nikahesabu mpaka tano, nazi ilikaa katikati ya ulimi, uchungu wa kimea ukaja pembeni, na nilipomeza kikabaki kitu kikavu kama ganda la mkate. Nikavuta hewa kwa mdomo nikaitoa puani, nazi ikarudi mara ya pili. Hapo ndo huwa naijua nazi ya kweli, inarudi. Sukari haijazidi, na hilo nalipenda sana kwa sababu bia ikinukia kashata halafu ikawa tamu kama kashata hufiki nusu glasi. Niliinywa na mgebuka wa kuchoma, moshi wa samaki na kuungua kwa kimea vikashikana vizuri mno. Kwa kumi naipa nane, mbili zilizobaki ni za uzito, mimi napenda bia nyeusi inayojaza mdomo zaidi.

Kopo la pili lilikuwa na kila kitu, kakao, vanila, nazi, na laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, hamira ya bia haiwezi kuila kwa hiyo inabaki tamu mpaka mwisho. Wenye matumbo yanayogombana na maziwa wasome kopo kabla. Nilipolifungua ilitoka harufu moja kubwa ya mafuta ya nywele na kadiri ilivyopata joto ndo ilivyozidi, funda la pili nikasikia ukakasi wa nazi iliyokaa sana ndani ya gunia. Nina uhakika pale kuna harufu ya kununua kwenye chupa, kwa sababu ilikuwa inapiga puani halafu ulimini hakuna kitu. Joto halikuikosea, lilichofanya ni kuonyesha kilichokuwemo, na hiyo ndo sababu nyingine bia mbovu nyingi zinasifiwa zikiwa barafu.

Kwa hiyo dada akikuuliza, na mkononi una bia nyeusi ya aina hii, mwambie baridi lakini aifungue sasa hivi na akupe glasi safi kavu, uongee kwanza na uliokuja nao. Wazee wa Ujiji wanaoagiza bia nyeusi ya moto kila siku na vijana wanawashangaa, mimi nimekaa nao, nimeonja kwao, na kwenye nyuzi 25 na kitu chokoleti inatoka vizuri ila kilevi nacho kinaanza kuchoma pua. Nyuzi 10 mpaka 13 ndo pananitosha.

Ile glasi ya Maui sikuiosha usiku ule, huwa naacha makusudi. Asubuhi ilikuwa imekauka, mstari wa kahawia chini, nikaingiza pua: kahawa imeondoka, uchungu umeondoka, nazi iliyokaangwa bado ipo.