Kusajili kampuni hakuongezi kibali: mgeni mwenye ujuzi anayetaka kujiajiri Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Mafinga hadi Tunduma, mgeni ambaye mkataba wake wa kazi unakaribia kwisha anapewa ushauri ule ule: fungua kampuni, ujiajiri, kibali kitaongezwa. Anapewa na dalali wa nyumba, na mwenzake wa kazini, na mara nyingine na mtu yule yule aliyemsajilia kampuni. Ushauri huo umekwisha kuwaharibia watu waliokuwa hapa kihalali kabisa.

Maelezo haya yanamhusu fundi mitambo wa Chunya, mtaalamu wa parachichi wa Rungwe au Njombe, meneja wa chai wa Mufindi, mhandisi wa barabara na mwalimu wa shule binafsi, awe Mzambia, Mmalawi, Mkenya, Mkongo, Mhindi au Mchina. Yanamhusu pia Mtanzania anayetaka kushirikiana naye.

Dhana: "Nikisajili kampuni BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni) nitakuwa nimejiajiri, kwa hiyo kibali changu cha daraja B kitaongezwa."

Hakitaongezwa. Katika yote yanayosemwa kuhusu vibali, hili ndilo lenye madhara makubwa zaidi, na halina chembe ya ukweli.

Kwanza, vibali ni viwili na kila kimoja kina mwenyewe. Kibali cha kazi kinatolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kibali cha ukaazi kinatolewa na Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Katika sheria zote mbili, mwekezaji na aliyejiajiri wako daraja A. Mtaalamu aliyeajiriwa yuko daraja B la ukaazi, na kibali chake cha kazi huwa daraja B au C kulingana na taaluma yake. Kutoka B kwenda A ni ombi jipya, lenye fomu zake, viambatisho vyake, ada yake na maswali yake. Anayeandika "naomba kuongezewa muda" wakati anataka kubadili daraja anajichelewesha mwenyewe kwa wiki kadhaa.

Pili, kibali cha daraja B kimefungwa kwa mwajiri aliyetajwa na kazi iliyotajwa. Anayeomba kihuishwe ni huyo mwajiri, si wewe. Kazi ikikoma, uhalali wa ukaazi wako unakoma nayo, hata kama tarehe iliyochapwa imebakiza miezi kumi na moja. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, na watu huisoma miezi hiyo kama mkataba kati yao na serikali. Sivyo. Tarehe ile ni ukomo wa mbali kabisa. Ukomo wa karibu ni siku unayoacha kazi.

Tatu, BRELA haitoi ruhusa ya kufanya kazi. Inaandikisha kampuni. Mtu aliye Lusaka au Guangzhou anaweza kumiliki hisa za kampuni ya Tanzania bila kukanyaga Mbeya, na ndiyo maana msajili hakuulizi kibali cha kazi. Kumiliki hisa ni jambo moja. Kukaa dukani, kusimamia mafundi, kusaini zabuni na kupokea wateja ni jambo jingine, na hilo ndilo linalohitaji daraja A. TIN nayo ni namba ya mlipakodi tu. Tafadhali msiwaoneshe maofisa wa Uhamiaji cheti cha TIN mkidhani ni kinga.

Wapo wanaojiona wameshapata njia: kampuni yangu mwenyewe itaniajiri, iniombee daraja B. Ofisa wa kazi akifungua taarifa za kampuni anakuta jina la mwajiriwa ndilo lenye hisa 60 kwa mia. Maombi ya kibali cha kazi cha mwajiriwa yanamtaka mwajiri aeleze kwa nini nafasi hiyo haijapata Mtanzania, na aambatanishe mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Mwenye kampuni hawezi kuandika mpango wa kujiondoa kwenye kampuni yake na akaaminika. Mwenye hisa anayefanya kazi katika kampuni yake ni wa daraja A. Ukianza na A unaokoa muda na ada.

Utaratibu unaofaa ni huu, na ningeomba usiruke hatua. Ukiwa bado kazini, miezi minne kabla ya mkataba kwisha, amua ni biashara gani hasa (nitalirudia hili hapa chini, kwa sababu ndipo penye mtego mkubwa zaidi). Kama taaluma yako ina bodi, anza na bodi: wahandisi ERB, wahasibu NBAA, makandarasi CRB, madaktari Baraza la Madaktari Tanganyika. Mhandisi mgeni husajiliwa kwa muda tu, kwa hiyo usidhani usajili uliokuletea mwajiri wako utakufungulia ofisi ya ushauri. Kisha sajili kampuni, pata TIN, pata ofisi yenye mkataba wa pango, weka mtaji benki kwa jina la kampuni, andika mchanganuo wa biashara. Hapo ndipo unapoomba kibali cha kazi daraja A, halafu cha ukaazi daraja A. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujajua ombi limefikia wapi. Na mwombe mwajiri wako barua ya kukuachia ungali unaelewana naye. Barua hiyo ikiombwa baada ya ugomvi haipatikani kirahisi.

Mambo yanayokwamisha mafaili ni yale yale kila mara. Majina kwenye pasipoti ni matatu, kwenye katiba ya kampuni ni mawili. Cheti cha chuo cha Lubumbashi kiko kwa Kifaransa bila tafsiri iliyothibitishwa. Mkataba wa pango ni wa miezi sita, hauna ushuru wa stempu (asilimia 1 ya kodi ya mwaka), na kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango haijapelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Taarifa ya benki inaonesha pesa iliyoingia juzi na kutoka jana. Mchanganuo wa biashara umenakiliwa: mradi uko Makambako lakini bei za mazao ni za soko la Kariakoo. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kusahihishwa kwa siku chache kabla ya kuwasilisha, na kinaweza kukugharimu mwezi mzima baada ya kuwasilisha.

Leseni ya biashara ina mtego wake wa majina. Leseni za kundi A hutolewa na BRELA na za kundi B hutolewa na halmashauri. Makundi hayo hayana uhusiano wowote na daraja A na B la kibali. Kampuni yenye wageni inapoomba leseni huulizwa kibali cha ukaazi cha daraja A, au hati ya uwakilishi inayomtaja Mtanzania kwa niaba ya wenye hisa ambao hawako nchini. Kwa hiyo mgeni mwenye kibali cha daraja B anayekwenda dirishani kuomba leseni anagonga ukuta papo hapo, na ni vizuri agonge mapema.

Dhana: "Muhimu ni mtaji. Ukiwa na mtaji, biashara yoyote inaruhusiwa."

Ilikuwa karibu na kweli zamani. Julai 2025 ilitolewa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayokataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Isomeni mkiwa na ramani ya Nyanda za Juu mezani, maana inagusa karibu kila wazo ambalo wageni wa huku huwa nalo.

Kununua mazao shambani: basi parachichi la Rungwe, mpunga wa Mbarali, kahawa ya Mbozi na viazi vya Makete hutakwenda kuvinunua kwa mkulima shambani. Uchimbaji mdogo wa madini: Chunya. Uwakala wa forodha: Tunduma na Kasumulu. Uuzaji wa jumla na rejareja: soko la Mwanjelwa, Mbeya, lote, isipokuwa supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Ufundi simu na vifaa vya elektroniki, uwakala wa pesa kwa simu, saluni (isipokuwa iliyo hotelini au ya watalii), usafi wa ofisi na nyumba, usafirishaji wa vifurushi ndani ya nchi, kuongoza watalii, udalali wa biashara na nyumba, vyote vimo. Vimo pia viwanda vidogo sana na vidogo, na hapo ndipo wenye wazo la mashine ya kukoboa, karakana ya fanicha za mbao za Mafinga au kiwanda kidogo cha sabuni wanaposhtuka.

Waliokuwa na leseni hai waliachwa waendelee hadi muda wa leseni uishe. Mwingine yeyote anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Hilo la mwisho ndilo zito kwa msomaji wa maelezo haya: unaingia kwenye biashara ili ubaki nchini, na biashara hiyo ndiyo inayokutoa.

Kuna kosa dogo la kiufundi linalotokana na hili. Wengi huacha anayewasajilia kampuni achague shughuli kwa wingi, "ili baadaye tusihangaike". Mfumo wa BRELA unataka uchague misimbo ya shughuli, na katiba ya kampuni inaorodhesha madhumuni. Ukikuta humo "biashara ya jumla na rejareja" na "uwakala", umejiandikia mwenyewe sababu ya kukataliwa, hata kama unachotaka ni kutengeneza mifumo ya umwagiliaji. Chagua shughuli mbili au tatu unazozifanya kweli. Ushauri wangu wa kudumu: uza ujuzi uliokuleta hapa, siyo bidhaa. Anayesanifu vyumba vya baridi vya parachichi ana hoja ya kusimama nayo mbele ya Kamishna wa Kazi. Anayeuza mafriji hana.

Kuhusu mtaji wenyewe, dola 500,000 ambazo watu huzitaja ni kima cha chini cha mradi wa mgeni unaotaka cheti cha motisha za uwekezaji, ambacho sasa kiko chini ya TISEZA, mamlaka ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi iliyochukua nafasi ya TIC (Kituo cha Uwekezaji) na EPZA (mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje) mwaka 2025. Mwenye cheti hicho anapata nafasi za awali za wataalamu wa kigeni hadi 10, na huduma za Kazi na Uhamiaji anazikuta mahali pamoja. Mshauri wa kujitegemea mwenye kompyuta na gari hayuko kwenye kundi hilo, na asidanganywe kulipia mchanganuo wa mradi wa nusu milioni ya dola.

Dhana: "Biashara naiandika kwa jina la mwenyeji, mimi nabaki nyuma."

Dada yangu, kaka yangu Mtanzania, hili ni lako. Amri ile ile inamtoza raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Mkopo wa benki, deni la TRA na kesi ya mfanyakazi vyote viko kwa jina lako. Mgeni naye hana ulinzi wowote: mkigombana, hati zote zinasema mali ni yako, na mkataba wa pembeni uliofanywa kukwepa sheria hautamsaidia mahakamani.

Dhana nyingine, kwa ufupi.

"Kibali kikiisha navuka Tunduma, nagonga muhuri Nakonde, narudi." Utarudi kama mgeni wa matembezi. Matembezi hayana kazi ndani yake, na mihuri mingi ya mpakani ndiyo inayomfanya ofisa aanze kuuliza. Viza ya biashara ya siku 90, ya dola 250, nayo ni ya shughuli fupi, si ya kuendesha ofisi Soweto au Uyole, Mbeya.

"Mimi ni wa Afrika Mashariki, sihitaji." Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010 na inatoa haki ya kuanzisha biashara kwa ratiba ya kila nchi, lakini kibali bado kinaombwa. Zambia na Malawi hazimo kabisa kwenye jumuiya hiyo; SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, ni habari nyingine.

"Nimeoa Mnyakyusa, mimi ni mwenyeji." Ndoa haitoi kibali cha kazi. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mke wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mume mgeni haimpi.

"Nitanunua shamba Mufindi, nitahesabiwa mwekezaji." Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 mgeni hapati ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Shamba la misonobari ulilouziwa kwa karatasi ya serikali ya kijiji ni ardhi ya kijiji, na mwenyekiti hana uwezo wa kukupa. Miti utaipanda, hati hutapata.

"Jumamosi nafanya kazi za kampuni nyingine, si ajira, ni kibarua tu." Kibali cha daraja B kina mwajiri mmoja. Malipo ya kampuni ya pili yakionekana kwenye akaunti yako, faili lako la daraja A linaanza kusomwa na mtu ambaye tayari ana mashaka nawe.

"Familia yangu ina hati zao." Hati za wategemezi zinaning'inia kwenye kibali chako. Siku daraja B linapokoma, mke, mume na watoto wanakuwa katika hali ile ile, hata kama mtoto yuko katikati ya muhula Iringa. Kama kuna pengo kati ya kazi ya zamani na kibali kipya, ripoti Uhamiaji mkoani kabla ya siku ya mwisho ya kazi, uombe pasi maalumu kwa ajili yako na wote wanaokutegemea, na katika siku hizo usiguse kazi, hata ya kufungua mlango wa ofisi mpya.