Je, wajua? Redio ya wati 23 inasikikaje kutoka kilomita bilioni 25?

Usiku mmoja tulikuwa Capri Point, mimi na mpwa wangu wa kidato cha pili, tukitazama taa za wavuvi wa dagaa zilizotapakaa ziwani. Akaniuliza, "Mjomba, kile chombo cha angani cha Voyager kiko mbali vile, kina redio ya nguvu gani mpaka tunakisikia?" Nilimjibu bila kusita kwamba lazima ina mtambo mkubwa kuliko wa kituo chochote cha redio hapa Mwanza. Jibu hilo lilikuwa na makosa. Mtambo wa Voyager 1 hurusha takriban wati 23, nguvu ya balbu ndogo ya ndani ya friji.

Chombo hicho kilirushwa tarehe 5 Septemba 1977. Sasa kimepita kilomita bilioni 25 kutoka kwetu, na wimbi lake la redio, linalosafiri kwa kasi ya mwanga, huchukua zaidi ya saa 23 kutufikia. Hata dishi la mita 70 likielekezwa huko, nguvu linayoambulia ni chini ya sehemu moja ya bilioni ya bilioni ya wati. Na bado kinasikika, neno kwa neno.

Nadhani wengi wetu tumelitoa kosa hili mahali pamoja: kwenye redio ya FM. Ukipanda meli kwenda Ukerewe na kiredio mkononi, kuna stesheni za mjini zinazoanza kukwaruza kabla hujafika mbali. Unahitimisha kwamba nguvu imeishia njiani, na kwamba stesheni ingekuwa na mtambo mkubwa zaidi ingekufuata mpaka Nansio. Kuna ukweli kidogo hapo, lakini sehemu kubwa ya tatizo ni nyingine. Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari mnyoofu, ilhali dunia ni mviringo na Mwanza ni mji wa vilima na majabali. Ukienda mbali vya kutosha, mgongo wa dunia unakaa kati yako na mnara. Voyager haina kilima wala mgongo wa kuivuka; mbele yake ni anga tupu mpaka kwenye dishi.

Jambo la pili ni namna nguvu inavyogawanywa. Mnara wa FM hurusha pande zote, kwa sababu wasikilizaji wako pande zote: Nyegezi, Igoma, Buswelu, hata samaki wa ziwani wanapata sehemu yao. Voyager ina msikilizaji mmoja tu. Dishi lake la mita 3.7 hukusanya zile wati 23 katika mwali mwembamba wa takriban nusu digrii, karibu upana wa mwezi unavyoonekana angani. Aliye ndani ya mwali huo anapokea kama vile kuna mtambo wa zaidi ya wati milioni moja unaorusha pande zote. Aliye nje ya mwali hapati kitu. Julai 2023, amri yenye kosa iligeuza antena ya Voyager 2, pacha wake, kwa digrii 2 tu, na mawasiliano yakakatika. Hapo ndipo kelele za nguvu zilitumika kweli, lakini zilitoka upande wetu: dishi la mita 70 la Canberra, Australia, lilipaza amri kwa nguvu zake zote kuelekea chombo kilichokuwa kimegeuza uso, likitumaini kitaisikia kwa pembeni. Amri ilitumia saa 18 na nusu kwenda, na jibu muda kama huo kurudi. Tarehe 4 Agosti kilikuwa kimeshajigeuza na kuzungumza tena.

Tofauti hiyo ni ya kuangaliwa. Duniani tunaweza kurusha makumi ya maelfu ya wati kuelekea angani, kwa sababu umeme tunao. Chombo hakina. Kinaishi kwa umeme unaotokana na joto la plutoniamu, metali yenye mionzi, na joto hilo hupungua kila mwaka. Kwa hiyo mazungumzo haya ni ya mtu anayepaza sauti na mwingine anayenong'ona, na ugumu wote uko kwenye kuusikia mnong'ono.

Hapo turudi kwenye zile taa za dagaa. Yeyote aliyekaa na wavuvi anajua kwamba kazi ni ya siku za giza. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi inapumzika. Taa ni ileile, iwe karabai ya zamani au ya sola ya siku hizi, na betri ni ileile. Kilichobadilika ni anga kuwa jeupe, na taa haitofautiki tena na mazingira yake. Dagaa nao wana tabia zao zinazohusika hapo, kwa hiyo nisiuvute mfano huu zaidi ya jambo moja: kinachoamua kama taa itaonekana ni uwiano wake na mwanga unaoizunguka, kuliko ukubwa wake wenyewe.

Kwenye redio, mbalamwezi ni joto. Kila kitu chenye joto hutoa mvumo wa mawimbi ya redio, ardhi, mawingu, hata vifaa vya kupokelea vyenyewe. Zile wati 23 zisingefaa kitu kama kipokezi kingekuwa kinavuma kwa sauti kubwa kuliko ujumbe. Ndiyo maana vikuza mawimbi vya kwanza kwenye madishi hayo hugandishwa mpaka digrii chache tu juu ya kiwango cha chini kabisa cha baridi, yaani karibu na nyuzi -273 za Selsiasi. Wahandisi wanatengeneza usiku wa giza ndani ya mtambo. Madishi yenyewe yapo California, Madrid na Canberra, yakiwa yamegawana mzunguko wa dunia ili moja likizama lingine liwe limeshapanda.

Njia nyingine ni kusema polepole. Ilipopita karibu na Jupita mwaka 1979, Voyager 1 iliweza kutuma biti, yaani zile moja na sifuri za kompyuta, 115,200 kwa sekunde. Leo kwa kawaida hutuma 160. Maana yake kila biti hupewa muda mrefu mara 720 kuliko wakati ule, na katika muda huo nguvu kidogo kidogo hujikusanya mpaka ikatofautika na mvumo. Meseji ya kawaida ya simu yenye herufi 160 ingehitaji kama sekunde saba.

Pamoja na giza na upole huo wote, bado biti zinaharibika. Moja inasikika kama sifuri, sifuri inasikika kama moja. Simu yako ya mkononi ikikosa kipande cha data, huomba kirudiwe, na unaletewa kabla hujahisi. Ukiiambia Voyager "rudia", jibu linakuja baada ya karibu siku mbili. Kwa hiyo ujumbe lazima usafiri na dawa yake ndani. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, na naomba tulikalie kidogo.

Shangazi yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Wateja wake wa mbali huagiza kwa simu, huku injini zinanguruma na wachukuzi wanapiga kelele za kuomba njia. Siku moja alisikia gunia tisini, mteja alisema sitini. Yatazame maneno hayo: si-ti-ni, ti-si-ni. Silabi ni zilezile tatu, mbili zimebadilishana nafasi. Na ukijaribu kuyatenganisha kwa kutaja tarakimu, unapata sita na tisa, ambayo yana ugonjwa uleule. Tangu siku hiyo shangazi huuliza hivi: "Sitini, hamsini na kumi? Au tisini, themanini na kumi?" Mteja hurudia kauli nzima. Maneno "hamsini na kumi" hayaongezi habari yoyote, maana aliyesikia sitini ameshajua. Kazi yake ni kuzisogeza kauli mbili ziwe mbali moja na nyingine, ili injini ikimeza silabi mbili tatu, kilichobaki bado kifanane na kauli moja tu.

Hivyo ndivyo msimbo wa kusahihisha makosa unavyofanya kazi. Chukua Mariner 9, chombo cha Marekani kilichoanza kuizunguka Mirihi Novemba 1971. Kila nukta ya picha ilikuwa na kiwango kimoja kati ya 64, kuanzia nyeusi hadi nyeupe, na biti 6 zinatosha kutaja viwango hivyo. Lakini "maneno" ya biti 6 yamebanana kama sita na tisa; ukikosea biti moja umeshaingia kwenye neno la jirani. Kwa hiyo kila kiwango kilipewa neno refu la biti 32. Katika biti 32 kuna nafasi ya maneno zaidi ya bilioni 4, na wahandisi wakachagua 64 tu, yaliyopangwa kihisabati ili kila mawili yatofautiane katika nafasi zisizopungua 16.

Sasa tuseme neno limeharibiwa biti 7 njiani. Lililofika liko hatua 7 kutoka lile lililotumwa. Kutoka neno lingine lolote kati ya yale 64, liko hatua zisizopungua 9. Mpokeaji haulizi mtu. Anatafuta lililo karibu zaidi, na hilo ndilo sahihi. Biti saba kati ya 32, zaidi ya tano moja ya neno, zinaweza kugeuzwa, na neno likasomwa bila kasoro.

Mtu anaweza kusema: si wangerudia tu mara tano? Tuhesabu. Biti 6 zikirudiwa mara tano ni 30, karibu gharama ileile, na kila biti inaamuliwa kwa kura ya wengi. Lakini makosa matatu yakiangukia biti moja, kura imegeuka na nukta imepotea. Msimbo wa Mariner 9 hustahimili makosa saba popote yanapoangukia. Gharama karibu sawa, ulinzi mkubwa zaidi, na tofauti yote imetoka kwenye kuchagua maneno. Hakuna wati iliyoongezwa.

Msimbo nao una kikomo. Makosa yakifika 8, neno linaweza kuwa katikati kabisa ya mawili, na mpokeaji anaweza kujua tu kwamba limeharibika. Yakizidi hapo anaweza kulisogelea neno lisilo lake akaliamini. Ndiyo maana misimbo haikuchukua nafasi ya madishi makubwa na vipokezi vya baridi.

Kufikia safari ya Voyager 2 kupita Uranus mwaka 1986, ujumbe ulikuwa umefungwa kwa misimbo miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa nje unaitwa Reed-Solomon, uliobuniwa mwaka 1960. Wa ndani husahihisha mengi, na pale unapokosea, makosa hutoka kwa mafungu. Reed-Solomon ni hodari hasa wa kushughulikia mafungu. Unaukuta pia kwenye ule mraba wa QR unaobandikwa kwenye vibanda vya kulipia kwa simu. Mraba ukikwaruzwa kona au ukipakwa tope la mwaloni, mara nyingi kamera bado inausoma, na katika kiwango cha juu cha ulinzi unaweza kupoteza hadi takriban asilimia 30.

Nilipomweleza mpwa wangu haya, aliuliza swali zuri kuliko la kwanza: je, msimbo ungeokoa kama Voyager yenyewe ingeanza kusema upuuzi? Hapana. Msimbo hulinda ujumbe ukiwa safarini. Ukiharibika kabla ya kufungwa, utasafirishwa ukiwa vilevile. Hilo lilitokea Novemba 2023. Mawimbi ya Voyager 1 yalikuwa yakifika, lakini yalibeba mfuatano mmoja wa moja na sifuri usio na maana, ukijirudia. Baada ya miezi ya uchunguzi, wahandisi waligundua kwamba chipu moja ya kumbukumbu, katika kompyuta inayopanga data kabla ya kutumwa, ilikuwa imekufa na kuondoka na sehemu ya programu. Hakukuwa na sehemu moja tupu ya kutosha kuihamishia, kwa hiyo waliikatakata programu hiyo na kuvipachika vipande hapa na pale palipobaki nafasi. Tarehe 18 Aprili 2024 walituma kipande cha kwanza. Tarehe 20, Voyager 1 ilileta taarifa za afya yake zinazosomeka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano.