Kasa aliyenasa kwenye jarife si kitoweo

Kila msimu wa kutaga unapokolea, ofisi za hifadhi za bahari huulizwa swali lilelile na wavuvi wa Mafia, Kilwa na Kigamboni: kasa akinasa kwenye jarife (wavu wenye matundu makubwa) bila kukusudiwa, akatolewa amekwisha kufa, akiliwa kosa liko wapi?

Kosa lipo. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni zake za 2009 hazikatazi kuvua kasa peke yake. Zinakataza pia kuwa naye na kumuuza. Nyama, mayai, mafuta au gamba, kimojawapo kinatosha kumfikisha mtu mahakamani, na mahakama inaweza kuamuru chombo na zana zitaifishwe. Kupeleka gamba nje ya nchi ni shauri jingine kabisa, kwa kuwa kasa wote wa baharini wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Haya ni maelezo ya jumla. Kila shauri huamuliwa na mahakama kwa ushahidi wake.

Tena, wengi wanaodhaniwa wamekufa hawajafa. Kasa anapumua hewa kama sisi; akizuiliwa chini ya maji huzimia, akalegea mwili mzima. Mguse taratibu pembeni mwa jicho au mkiani. Hata asipotikisika, usimtupe baharini, maana atazama na kufa kweli. Mshike kwa gamba, wala si kwa mapezi, mlaze kifudifudi chomboni, uinue sehemu ya nyuma kiasi cha shubiri moja ili maji yatoke mapafuni. Mfunike kitambaa kilicholowa, pua ziachwe wazi, mweke kivulini. Anaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku nzima, kuzinduka. Akichangamka, zima mashine, mteremshe kichwa kikitangulia.

Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu, na hili tutalisema wazi, kwa sababu watu wanaendelea kufa. Novemba 2021 watu 7 walifariki Pemba baada ya kula kasa. Machi 2024, kisiwani Panza hukohuko Pemba, walifariki watoto 8 na mtu mzima mmoja, na watu 78 wakalazwa. Bado tunaambiwa kwamba nyama ikichemshwa sana sumu huisha, au kwamba paka akila akapona basi ni salama. Si kweli. Sumu hii haiondoki kwa moto, haina dawa ya kuiondoa mwilini, na mama anayenyonyesha humpitishia mtoto katika maziwa. Kasa mwenye sumu hatofautiani kwa sura, harufu wala ladha na asiye nayo.

Hoja nyingine ni kwamba kasa bado wapo wengi, mbona njia zao zinaonekana ufukweni? Njia hizo ni za majike tu, na jike mmoja hutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi. Viota vitano vinaweza kuwa vya kasa mmoja. Huyo amechukua miaka 20 au zaidi kukomaa, na akimaliza msimu atapumzika miaka miwili au zaidi kabla ya kurudi. Ukimchinja leo, wa kushika nafasi yake atapatikana baada ya miongo.

Pwani yetu ina aina tano za kasa, na kila aina ina kazi yake. Kasa wa kawaida hula nyasi bahari, zikachipua upya. Humo ndimo tasi na changu wadogo wanamokulia. Ng'amba hula sponji zinazoziba matumbawe. Noa hula konyeza, wanyama laini wanaoelea majini, wala haoni tofauti kati yao na mfuko wa plastiki unaoelea. Mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019: anayekutwa nayo au kuitumia hutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Anayeitengeneza adhabu yake ni kubwa zaidi sana.

Ukiona kiota, usifukue. Saa chache baada ya kutagwa, kijusi hujishikiza kwenye ganda. Yai likigeuzwa hufa. Kiota kilicho chini ya mstari wa bamvua, yaani kikomo cha maji makubwa, huhamishwa, lakini na waliofunzwa tu. Toa taarifa kwa BMU ya kijiji (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia rasilimali za uvuvi) au ofisa uvuvi wa kata, na wenye nyumba na hoteli za ufukweni wazime taa zinazoelekea mchangani, kwani vifaranga hufuata mwanga wakaenda barabarani badala ya baharini.

Kasa aliyekufa ufukweni naye huripotiwa. Akiwa na pete ya namba kwenye pezi, nakili namba, tarehe na mahali, mpige picha, pete iache pale pale, na msimzike mpaka ofisa afike.