Pete ya uchumba: kwanza niambie mikono yake inafanya kazi gani

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia kwenye kibanda changu hapa Mwanga, Kigoma, simu mkononi. "Shikamoo fundi. Nataka kama hii." Kwenye picha kulikuwa na almasi moja iliyoinuliwa juu, imeshikwa na kucha nne nyembamba kama miguu ya buibui. Nikaitikia, nikamuuliza mchumba wake anafanya kazi gani. Akanitazama kama vile nimemuuliza mahari ni shilingi ngapi. Anaanika na kuuza dagaa Kibirizi, akasema, na nyumbani ndiye mpishi. Nikamsogezea kigoda.

Wateja wengi humaliza maneno yao yote kwenye ukubwa wa jiwe. Jinsi jiwe litakavyoshikwa hawaulizi, na pete nyingi zinazorudi kwangu zimeharibikia hapo hapo.

Mtindo wa kucha una sifa yake. Mwaka 1886 masonara wa Tiffany wa New York walitoa pete ya kucha sita zilizoinua almasi juu ya pete yenyewe, mwanga uifikie vizuri. Kazi yenyewe iko hivi: kila kucha inachongwa pengo dogo upande wa ndani, kiuno cha jiwe, yaani ukingo wake ulio mpana zaidi, kinakaa humo, kisha ncha inalazwa juu ya jiwe na kusuguliwa mpaka isikwaruze. Pengo likizidi kina, kucha inabaki na shingo nyembamba. Mimi sivuki theluthi ya unene wake.

Zamani nilivuka. Nilimtengenezea mama mmoja pete ya kucha nne, nikajisifu kweli kweli. Haikupita miezi mingi akarudi na pete ina tundu. Alikuwa anakunja wavu wa kuanikia dagaa, kucha ikanasa kwenye uzi, akavuta. Alichekecha mchanga wa mwaloni siku mbili na wanawe, jiwe halikuonekana. Nilipoweka lenzi jichoni niliiona shingo iliyokatika, na alama ya msasa wangu bado ipo. Jiwe nilimlipa. Tangu siku ile anayetaka kucha namshauri sita: moja ikikatika, tano zinaweza kulishikilia mpaka afike kwa fundi.

Na kucha zenyewe ziwe za dhahabu gani? Hapa maneno huwachanganya watu, maana karati ya jiwe ni uzito, gramu 0.2, na karati ya dhahabu ni usafi. Mama zetu wanaipenda ya karati 22 kwa rangi yake, nami naipenda kwenye bangili. Kwenye kucha ni laini mno. Karati 18, yenye dhahabu asilimia 75, au hata 14, hapo nalala usingizi.

Sasa mawese. Almasi na mafuta ni marafiki wa kufa na kuzikana. Maji hayaishiki, mafuta yanaing'ang'ania, na wachimbaji waliitumia sana tabia hiyo: changarawe inapitishwa na maji juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe mengine yanasombwa, almasi inanata. Fikiria basi mkono unaopika kwa mawese kila siku. Utando unajijenga chini ya jiwe, kwenye ile miteremko ambayo kazi yake ni kuurudisha mwanga juu. Watu wananiletea pete wakinong'ona kwamba waliuziwa kioo. Nailoweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, napitisha mswaki laini kwa nyuma, na jiwe linaamka kabla chai haijapoa.

Ndiyo maana kwa yule kijana nilipendekeza ukuta: ukanda wa dhahabu unaolizunguka jiwe lote na kukunjwa kidogo juu ya kiuno chake. Hakuna cha kunasa kwenye wavu wala kwenye kanga. Aliogopa jiwe litafifia. Nikamweleza kuwa almasi iliyokatwa vizuri hupokea mwanga kwa uso wa juu na kuurudisha huko huko. Ukuta unafunika ukingo tu. Kweli, unakula dhahabu zaidi na bei inapanda. Lakini nyuma lazima pawe wazi, mswaki upite. Fundi akikuzibia nyuma, mrudishie.

Mawe yenye pembe, ya mraba au ya umbo la tone, ni habari nyingine. Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe, cha Mohs, almasi ni 10, ndiyo ya juu kabisa, hakuna jiwe la asili linaloikwaruza ila almasi mwenzake, na watu wakisikia hivyo wanadhani haivunjiki. Inavunjika. Ina nyuzi zake kama kuni, ikigongwa kwa kuzifuata inapasuka, na pembe ndiyo huanza. Kila pembe ivalishwe kucha yenye umbo la V.

Pete zilizozungushiwa vijiwe mpaka nyuma zinapendeza, ila kidole kikinenepa usinilaumu. Kuzitanua ni kazi ya kulia.

Kijana alichagua ukuta, akatoa mfukoni kipande cha uzi alichompimia mchumba wake akiwa amelala. Nikakivuta kidogo, kikarefuka mbele ya macho yake. Nimemtuma akaniletee pete ya bati ambayo binti huivaa kidole hicho hicho.