Anza na ngoma, gitaa utalisikia baadaye

Nafunga spika na kurekodi sauti hapa Mtwara mjini, na kila nikiwasha panki au noizi roki kibandani naulizwa lilelile: "Fundi, spika imepasuka?" Haijapasuka. Ni gitaa.

Neno panki wengi wetu tunalijua kwa kinyozi. Kwenye muziki ni roki fupi, ya haraka, isiyosubiri hisani ya studio kubwa. Januari 1977 bendi ya Buzzcocks wa Manchester, Uingereza, walitoa wenyewe nyimbo nne, Spiral Scratch, kwa pesa za kukopa. Noizi roki ni ndugu yake mzito. Ule mkoromo wa gitaa unatokea pale mawimbi ya sauti yanapozidi uwezo wa amplifaya: vichwa vyake hukatwa vikawa bapa, na hapo huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo nyuzi hazikuzitoa. Aliyekaa karibu na spika iliyofunguliwa hadi mwisho usiku wa unyago anaujua mpaka kwenye meno. Sisi hututokea tu. Hawa wa noizi roki wanaupima.

Chukua albamu To All Trains ya bendi ya Shellac, iliyotoka 17 Mei 2024, siku kumi baada ya mpiga gitaa wao, Steve Albini, kufariki. Achana na gitaa kwanza, fuata ngoma za Todd Trainer. Utasikia ngozi ikipigwa, kisha chumba kikiitikia. Albini, ambaye alikuwa pia fundi wa kurekodi, alizoea kuweka maiki nyingine mbali na ngoma ili chumba nacho kiingie kwenye wimbo.

Nilijaribu hivyo Mikindani, kwenye ngoma ya sindimba. Nilimwuliza mzee mpigaji kama tuanze. Akaendelea kuigeuza ngoma yake karibu na moto, akaigonga kwa kidole. "Subiri mwanangu, ngozi bado imelala." Ilipoamka, maiki ya karibu ilinipa mkono wa mzee, ile ya mlangoni, hatua sita nyuma, ikanipa kishindo cha kifuani. Nilipozichanganya ndipo nikaisikia ngoma kama nilivyoisikia nikiwa nimesimama pale.

Na huyu Albini alikataa mrabaha, yaani fungu la mauzo, wa albamu alizowarekodia wengine. Bendi ya Nirvana walipomhitaji kwa albamu yao In Utero ya 1993, aliwaandikia kwamba anataka alipwe kama fundi bomba: kazi ikiisha, malipo yameisha. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa gitaa lake.

Ukishazoea, nenda kwa albamu Rack ya bendi ya The Jesus Lizard, ya 13 Septemba 2024, miaka 26 baada ya albamu yao iliyotangulia. Hapo shika besi la David Wm. Sims, ndilo linalobeba mzigo.

Kwenye pawa popu sina mengi: melodi tamu, sauti zinazoitikiana, gitaa linalong'aa. Albamu A Dream Is All We Know ya The Lemon Twigs, Mei 2024, inatosha kuanzia.

Ila usiishie Ulaya na Marekani. Duma wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala: mayowe, gitaa, na ngoma za kompyuta zinazokimbia kama singeli iliyokasirika. Niliiweka hapa kwangu, asikilize kijana mmoja anayetengeneza singeli. Hakuuliza habari ya spika. Alivuta kiti, akaniomba niirudishe mwanzo.